Daftari la Majina Mawili: Miaka Thelathini na Minane ya Mzee Cuthbert Mrope

Jumatatu ya tarehe 30 Juni 2025, saa tisa na nusu alasiri, Mzee Cuthbert Mrope atafunga dirisha la chumba cha kadi cha Hospitali ya Mtakatifu Kolumba, hapa Newala, na kukabidhi ufunguo. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minane ya utumishi. Katika miaka hiyo yote alikosa kazi siku kumi tu: tatu za malaria na saba za msiba wa mama yake. Siku hizo kumi ameziandika mwenyewe nyuma ya mlango kwa penseli, na mpaka leo zipo.

Kamati ya sherehe imenipa kazi ya kuandika wasifu huu kwa sababu nimekaa naye chumba kimoja kwa miaka kumi na mitatu. Nimekubali, ingawa wasifu huu ulikuwa na mwandishi wake. Marehemu Ashiru Mponda, fundi wetu wa kompyuta, alikuwa akimwambia Mzee Mrope mbele ya watu wote: "Siku utakayostaafu nitakuandikia mimi, na nitaanza na makosa yako." Ashiru hakuifikia siku hiyo. Makosa hayo nami siyajui yote, kwa hiyo nitaanza na maji.

Mzee Mrope alizaliwa Chiungutwa, wilaya ya Masasi, mwaka 1965, mtoto wa nne wa mkulima wa korosho. Alimaliza darasa la saba hukohuko, akamsaidia baba yake shambani na kutengeneza baiskeli za watu, hadi alipopanda mlima kuja Newala akiwa na umri wa miaka ishirini na miwili. Tarehe 1 Julai 1987 hospitali ilimwajiri kugawa maji. Wenyeji hawahitaji kuelezwa kazi hiyo ilikuwa na uzito gani. Ndugu wa wagonjwa walipanga foleni alfajiri mbele ya birika la kuvunia maji ya mvua, kila mgonjwa ndoo mbili, na kijana Mrope alisimama na orodha akiita majina. Alipaswa kumjua kila mtu kwa sura, maana kiu haina aibu, na wapo waliorudi mara mbili kwa kubadilisha kanga.

Hapo ndipo alipojifunza jambo lililokuja kuwa kazi yake ya maisha. Mwanamke aliyeandikishwa leo kama Mama Fulani, kesho alikuja kwa jina lake mwenyewe, na keshokutwa bibi yake aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni alimnong'oneza kwa jina la tatu. Mzee Mrope husema kwamba ni birika lile lililomfundisha kuwa mtu mmoja anaweza kuwa watu watatu bila kusema uongo.

Kwa wageni watakaosoma kijitabu hiki, nieleze kidogo. Kwetu huku mtoto hupewa jina anapozaliwa, na akitoka jandoni au unyagoni hupewa jina jingine. Lile la kwanza huachwa hukohuko. Kumwita mtu mzima kwa jina la utotoni ni kumvua nguo hadharani. Lakini kadi ya hospitali hufunguliwa mtoto akiwa mchanga. Basi magonjwa yake ya utotoni yanabaki chini ya jina moja, na mwenyewe anatembea na jina jingine, na katikati hakuna kinachoyaunganisha isipokuwa kumbukumbu ya mtu.

Mwaka 1991 mtu huyo alipatikana. Bwana Basil Nandonde, mtunza kadi wa wakati huo, alikuwa ametafuta kadi ya mzee mmoja kutwa nzima. Kijana Mrope akapita na ndoo begani, akasimama, akamwambia taratibu aangalie kwenye droo nyingine kabisa. Kadi ilikuwapo. Bwana Basil aliitua ile ndoo kwa mikono yake, akamwambia, "Kaa hapa. Maji watagawa wengine." Mwaka 1998 Bwana Basil alipostaafu, Mzee Mrope akashika chumba.

Humo alianzisha daftari lake. Kushoto jina la utotoni, kulia jina la ukubwani, halafu kijiji na jina la mjomba. Majina ya kushoto hakuyatamka hata siku moja. Akitaka kuhakikisha, alikata kikaratasi, akaandika jina la kushoto, akakikunja mara mbili na kukisukuma dirishani. Mwenyewe alikifungua, akaitikia kwa kichwa, akakirudisha. Mzee Mrope alikichana vipande vinne na kuvitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Huo ndio ulikuwa utaratibu, kwa mkulima na kwa mkubwa. Nakumbuka bwana mmoja wa ofisi za wilaya, mtu mzito mwenye tai, aliyefungua kikaratasi chake akacheka hadi machozi yakamtoka. Hakuwa ameliona jina lile kwa miaka arobaini. Waliokuwa wakilitumia walikuwa wamekufa wote. Aliomba abaki nacho. Mzee Mrope alinyoosha mkono akisema, "Samahani, mkubwa," akakipokea na kukichana kama vingine.

Mwaka 2013 hospitali ilimwajiri Ashiru. Alikuwa mume wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, lakini hapa nitajaribu kumwandika kama mtumishi mwenzetu, kwa kuwa kijitabu hiki si chake. Alikuja na kompyuta nne na mfumo ulioitwa Lindo, uliotengenezwa na vijana watano wa Mtwara. Mwaka uliofuata kadi mpya zikaanza kuandikwa humo. Tangu hapo saa nne ya chai katika chumba chetu ikawa kama baraza. Ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, ilinunuliwa getini kwa zamu, chai ikamiminwa, na mabishano yakaanza kwa heshima zote.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Baba Salmini," alimjibu Ashiru kwa jina la mwanetu. "Mashine imeamka?"

"Imeamka, inakusalimu. Inauliza utastaafu lini."

"Iambie jana umeme ulipokatika ililala mpaka saa nane, na wagonjwa niliwahudumia mimi. Anayekaribia kustaafu ni nani?"

Ashiru aliamini kompyuta kwa moyo wote. Alisema kadi zinaliwa na mchwa. Alisema mama wa Masasi akiugua akiwa matembezini Newala anaanza upya kama aliyezaliwa jana, kwa sababu kadi yake iko droo ya mbali. Mzee Mrope alikubali hayo yote, kisha akasema lake. Zamani, alisema, mtu aliposogea dirishani alimtazama usoni, akajua ana homa kabla hajafungua mdomo. "Sasa natazama kioo," alisema, "na kioo hakina homa." Aliona pia kwamba wajukuu wanaowaleta bibi zao hawawasikilizi tena wanapojieleza, macho yako kwenye simu, na bibi anamaliza kusema peke yake. Wala hakuwa adui wa simu. Mwanawe Yohana yuko Dar es Salaam, na kila Jumapili baada ya ibada wanaonana kwa picha. "Simu imemleta Yohana karibu na macho," alituambia siku moja akikoroga chai, "imempeleka mbali na mlango. Namwona kila wiki, na hajaja mwaka wa pili huu."

Lakini neno lililomgusa lilikuwa la Ashiru. "Mzee, hizo kadi si tatizo. Tatizo ni kichwa chako na daftari lako. Vikitoka hapa, nusu ya Newala haina utoto. Una nakala?"

"Sina."

"Sasa ukistaafu tunafanyaje?"

"Mtastaafu pamoja nami."

Tulicheka wengine wote. Mzee Mrope peke yake hakucheka. Nadhani ilikuwa siku hiyo alipoanza kuhesabu miaka yake kwa namna nyingine.

Mwaka 2016 aliletwa mwanamke aitwaye Pili, mkulima, mwenye nimonia kali. Lindo halikumjua. Skrini iliandika mgonjwa mpya, wodini muuguzi akaanza kuandaa sindano. Mzee Mrope alimwona shangazi wa Pili akipita nje ya dirisha, akamkumbuka tangu foleni za birika. Alifungua daftari, akafuata mstari kwa kidole, akavuta droo ya mwaka 1995. Kwenye kadi ya mtoto kulikuwa na maandishi ya wino mwekundu: alichomwa penisilini, akavimba koo, nusura afe.

Hakuna aliyewahi kumwona Mzee Mrope akikimbia. Siku hiyo alikimbia na kandambili moja, nyingine tukaiokota penye ngazi. Alifika wodini sindano ikiwa mkononi mwa muuguzi, akaiinua kadi mbele yake. Sikuwapo, alinisimulia Ashiru, ambaye alikuwa akirekebisha waya wodini humo. Kilichomshangaza si mbio. Ni kwamba katika pupa ile yote, mzee akitweta, kidole gumba chake kilikuwa kimefunika jina la kwenye kadi ili waliolala vitanda vya jirani wasilione.

Kesho yake saa nne Ashiru hakuleta utani. Alimwomba Mzee Mrope lile daftari, si lote, bali majina ya wale ambao dawa fulani ni hatari kwao. Mzee alifikiri kwa miezi mitatu. Kisha akampa majina mia nne na kumi na mawili. Ashiru aliyaingiza kwenye Lindo peke yake, mlango umefungwa, mahali palipoandikwa "maelezo mengine".

Laiti mambo yangeishia hapo. Mwaka 2020 ulikuja mfumo mwingine, Sihatele, wa kampuni kubwa, wenye matangazo mazuri na fulana za bure. Ulikuwa na mengi ambayo Lindo halikuwa nayo, na hospitali nyingine zilikuwa zimeuchukua. Tukahama. Hapo ndipo wengi wetu tulipojifunza kwamba mifumo hushindana kama wenye maduka, na mteja akihama, mwenye duka la zamani hana haraka ya kumfungia mzigo wake vizuri, wala yule mpya hana haraka ya kuufungua kwa uangalifu. Kila mmoja alimtupia lawama mwenzake. Ilichukua miezi kumi na minne taarifa zetu kuvuka, na zilipovuka, kila kitu kilikaa mahali pasipo pake, hata yale ya "maelezo mengine".

Sihatele ulikuwa na televisheni kubwa kwenye sehemu ya kungojea, na sauti ya kuita wagonjwa. Asubuhi moja ya Novemba mwaka 2021 sehemu hiyo ilikuwa imejaa. Mwalimu Anwari, aliyefundisha madrasa vizazi vitatu vya watoto wa hapa, alikuwa amekaa mstari wa mbele na wajukuu wake wawili. Sauti ikaita. Iliita jina la utotoni la Mwalimu Anwari, mara tatu, kwa nguvu, na kuliandika kwa herufi kubwa kwenye televisheni. Wazee wa rika lake walilitambua, wakainamisha vichwa. Vijana wakacheka. Mwalimu alisimama, akachukua fimbo yake na wajukuu wake, akaondoka bila kupimwa shinikizo la damu. Ashiru alitoka mbio akang'oa waya wa spika ukutani. Tundu lake halijazibwa hadi leo.

Mzee Mrope hakumgombeza mtu. Alirudi chumbani, akalifunga daftari kabatini, akamwambia Ashiru maneno haya tu: "Nilikupa siri za watu, Baba Salmini. Ukaziweka kwenye nyumba ya kupanga." Ashiru alirudi kwenye kompyuta zake. Siku hiyo hakula nyumbani, wala siku iliyofuata.

Miezi miwili waliamkiana shikamoo na marahaba, basi. Kila mmoja alinywa chai mezani pake. Kilichowarudisha pamoja ni Mwalimu Anwari mwenyewe, ambaye hakuja kliniki tena. Mzee Mrope alikwenda kwake kumwomba radhi, akaambiwa amelala. Akaenda mara ya pili, amelala. Mara ya tatu Ashiru alimfuata getini, wakapanda bodaboda moja wote wawili, na walipofika Ashiru alipiga magoti uani kabla hajakaribishwa. Mwalimu akasema, "Inuka, fundi, utachafua suruali. Na wewe Mrope, hebu niambie, lile jina walilisikia mpaka sokoni?"

"Mpaka sokoni, Mwalimu."

"Haya. Basi na wajue kwamba nami niliwahi kuwa mtoto." Akaomba apelekwe kliniki siku hiyohiyo, lakini akaingilia mlango wa nyuma.

Utani ukarudi, daftari halikurudi. Mzee Mrope alisema mashine hailaumiwi, lakini mtu hachomwi na moto uleule mara mbili. Ashiru aliendelea kumwambia saa nne, kwa upole sasa, kwamba miaka inakwenda. Mwezi Agosti 2023 Ashiru aliugua, akafariki siku ya kumi na moja. Alikuwa na umri wa miaka thelathini na saba.

Mengi ya siku zile siyakumbuki. Nakumbuka kwamba niliporudi kazini, Mzee Mrope alikuwa bado ananunua ming'oko ya watu watatu. Alitenga mafungu matatu juu ya gazeti. Tulikula mawili. La tatu alilifunga, akaenda nalo nyumbani, na kesho yake ikawa hivyo tena. Ilikuwa hivyo kwa muda mrefu.

Mwaka jana mkataba wa Sihatele ulifika mwisho, hospitali ikaita wenye mifumo waje waeleze upya. Mzee Mrope aliwekwa kwenye kamati kwa heshima ya umri, na wengi tulidhani angesinzia. Aliyetumwa na Sihatele alizungumza saa nzima kwa picha za ukutani. Mwishoni Mzee alinyoosha mkono, akauliza swali moja: "Mtu akiwa na majina mawili, na moja halifai kutamkwa, mashine yenu inaweza kulijua na ikanyamaza?" Akajibiwa kwamba mfumo wao unaweza kuonyesha kila kitu. "Sikuuliza kuonyesha," alisema Mzee, akakaa.

Zamu ya Lindo alisimama binti anayeitwa Faidha, peke yake, na kompyuta moja yenye ufa. Aliulizwa swali hilohilo. Akafikiri. "Sijui, Baba," alisema. "Kuna kaka mmoja wa hospitali yenu alituandikia jambo hili mara mbili, akatuchorea na picha. Kazi ikatuzidi, hatukulimaliza. Naomba unifundishe."

Mimi nilikuwa pale naandika muhtasari wa kikao, nikajua ni barua za nani. Mzee Mrope alivua miwani akaifuta, na aliifuta muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Faidha alikaa chumbani kwetu siku tatu. Mwisho wake alitengeneza kisanduku ndani ya mfumo. Jina la utotoni linaingizwa humo na kufunikwa. Mashine inalitafuta, inaunganisha kadi, lakini hailionyeshi wala hailisemi. Inatoa neno moja tu: *hakikisha*. Hapo mtunza kadi anakata kikaratasi.

Kamati ilichagua Sihatele. Lazima niliandike hilo kama lilivyokuwa. Hospitali tunazopelekea wagonjwa zinautumia, na upweke wa mfumo ni kama upweke wa kadi. Lakini tuliwawekea masharti mawili: kisanduku kama kile cha Faidha kiwemo, na siku tukihama, tuhame na vyombo vyetu vyote bila kuomba ruhusa. Walitaka miezi mitatu, wakamaliza kwa miwili, maana walijua kuna mwingine anayeweza. "Duka likiwa moja mtaani," alisema Mzee Mrope, "chumvi unauziwa pamoja na matusi." Hata hivyo hakufurahi. Aliyebuni amerudi nyumbani, aliyeiga ndiye amebaki, na hilo aliliona kuwa deni. Alimsindikiza Faidha hadi stendi na kumpa korosho mfuko mzima, alizobangua Mama Yohana mwenyewe. Tumesikia kwamba Lindo sasa liko katika zahanati sita. Mzee huuliza habari zake kila mwezi.

Januari mwaka huu, akiwa amebakiza miezi sita, alilitoa daftari kabatini na kuliweka mbele yangu. Kumbe yalikuwa matatu, moja ndani ya jingine, yamefungwa kwa mpira wa baiskeli. "Mama Salmini," aliniambia, "mumeo aliniuliza kama nina nakala. Tumjibu."

Tulifanya kazi hiyo kila siku baada ya dirisha kufungwa. Hakunisomea. Aliweka rula chini ya mstari, nami nikasoma kwa macho na kuandika. Kwa kila jina la kulia alikuwa na neno: huyu alikuwa mpiga ngoma, huyu mama yake aliuza vitumbua, huyu aliwahi kumeza kifungo cha shati. Maneno hayo hayakuwa na kisanduku. Nimeyaandika machache kwenye daftari langu, na ninasikitika kwa yale niliyoyaacha. Kwa jumla tumeingiza watu elfu mbili mia tisa na sita. Waliofariki hatukuwaingiza, ndiyo amri ya mfumo, na rula iliwaruka. Mara nyingine iliruka mistari mitano mfululizo. Kila iliporuka Mzee Mrope alitulia kidogo, kama mtu anayempisha mwingine njiani.

Ijumaa ya tarehe 13 mwezi huu tulifika ukurasa wa mwisho wa daftari la pili, tulilokuwa tumeliacha nyuma. Rula iliruka mstari mmoja, na safari hii aliufunika kwa kiganja. Akamaliza mistari iliyobaki. Kisha akafungua droo, akatoa kadi moja ya zamani. Alikuwa ameomba kibali kwa Mganga Mfawidhi tangu wiki iliyotangulia, nami sikujua. Ilikuwa ya mwaka 1993, ya mtoto wa miaka saba aliyeanguka kutoka kwenye mkorosho akavunjika mkono wa kushoto. Kidole gumba kilikuwa juu ya jina. Chini, muuguzi wa zamani alikuwa ameandika kwa mkono mzuri: *Mkono umefungwa. Hana homa. Mtoto anauliza sana.*

Ashiru alikuwa na kovu kwenye kiwiko cha kushoto. Alinieleza habari za mkorosho. Hakunieleza kwamba walikuwa wakiishi Newala wakati huo, wala hakujua kwamba kadi ile ipo na kwamba mtu aliyekuwa akibishana naye kila saa nne analijua jina lake la utotoni. Miaka kumi ya mabishano. Mara ngapi Ashiru alimshinda kwa hoja mbele ya wauguzi, na neno moja lingetosha kumkalisha chini. Mzee Mrope alilimeza kila mara pamoja na chai yake.

Kisha akakata kikaratasi, akaandika, akakikunja mara mbili, akakisukuma mezani. Nilikifungua. Nilisoma jina ambalo mume wangu aliitwa na mama yake kabla mimi sijamjua. Niliitikia kwa kichwa, kama watu wote wanavyofanya, nikakikunja tena na kumnyooshea.

Kopo la maziwa lilikuwa mbele yake. Hakunyoosha mkono kukipokea. Alifunga daftari, akavaa kofia, akaniambia, "Funga dirisha, Mama Salmini, vumbi linaingia," akatoka kwenda kuwahi bodaboda yake.

Mzee Mrope, watumishi wenzako tunakushukuru kwa ndoo mbili mbili za mwanzo na kwa majina ya mwisho. Sasa unarudi Chiungutwa kwa Mama Yohana na mikorosho yako, na Yohana ameahidi mbele ya kamati kuja mwenyewe, si kwa picha. Nakala tunayo. Usirudi kwa ajili ya kutafuta kadi. Rudi saa nne, siku yoyote upendayo. Mafungu yatakuwa matatu. Ukae salama, ulale usingizi mzuri, na maisha yako yaliyobaki yawe mema na marefu.

Zuhra Mponda, chumba cha kadi